Habari za Rufani: Mpangaji na Mwenye Shamba katika Nchi Yetu

Katika kitabu hiki cha Yubilei wengine wameandika habari za mapadre wa kwanza, na za makanisa, na shule, na hospitali. Sisi tumechagua kuandika juu ya jambo ambalo pengine litaonekana si la kanisa: mashauri ya ardhi, hasa shauri la mpangaji na mwenye shamba, na namna mtu aliyeshindwa barazani anavyoweza kulipeleka shauri lake mbele kwa rufani. Lakini mwenye kukumbuka neno Yubilei lilitoka wapi hatashangaa.

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, tunasoma ya kuwa wana wa Israeli waliagizwa kuutakasa mwaka wa hamsini, na katika mwaka huo mtu aliyeuza shamba lake kwa ajili ya umaskini alirudishiwa. Tena bei ya shamba ilihesabiwa kwa miaka ya mavuno iliyobaki kabla ya Yubilei: miaka ikiwa mingi bei ilipanda, ikiwa michache ilishuka. Basi tukiangalia vizuri, yule aliyeitwa mnunuzi alikuwa mpangaji tu, naye alilipia mavuno, wala si nchi yenyewe. Kwa hiyo Yubilei ya kwanza ilikuwa sheria ya mpangaji na mwenye shamba kabla haijawa sikukuu.

Kosa letu

Twaanza na kuungama. Katika kigango kimoja cha jimbo letu la Singida palikuwa na mama mjane aliyekodi shamba kwa jirani yake, akalima alizeti misimu mitatu. Walipatana kwa maneno, mbele ya watu wawili, na kila msimu alilipa kodi yake kwa mkono bila stakabadhi. Shamba lilikuwa limechoka. Yeye akasomba samadi ya ng'ombe mwaka hata mwaka, mpaka likarudi kuwa shamba. Mwenye shamba alipofariki, wanawe wakamwambia mama atoke, na alizeti ingali shambani haijavunwa. Shauri likaenda barazani, mama akashindwa. Ndipo alipotujia sisi makatekista kutuuliza afanye nini.

Nasi tukamwambia avumilie. Tulimwambia ya kuwa kukata rufani ni kuendeleza ugomvi, na ya kuwa jirani ni jirani, na ya kuwa Mungu atamlipa. Tulisema hayo kwa nia njema, tukipenda amani ya kigango. Mama akatutii. Siku za rufani zikapita, moja baada ya moja, nasi hatukujua hata kama zinahesabiwa. Baadaye mtu mwenye kujua sheria alipomweleza ya kuwa alikuwa na haki ya kusikilizwa mbele zaidi, alikwenda kuuliza habari za kuongezewa muda. Akaambiwa lazima aeleze sababu ya kila siku aliyochelewa. Naye hakuwa na sababu ila maneno yetu.

Hatujui kama angeshinda. Lakini twajua ya kuwa sisi tulimfungia mlango ambao sheria ilimwachia wazi. Kwa ajili hiyo tumejitahidi kujifunza habari hizi, tukaona ni vema tuwaandikie makusanyiko na waalimu, ili kosa letu lisirudiwe na wengine.

Rufani ya Mtume Paulo

Laiti tungalikumbuka Matendo ya Mitume siku ile. Paulo alipokuwa kifungoni Kaisaria, miaka miwili ilipita, na liwali mpya Festo akataka kumpeleka Yerusalemu ahukumiwe huko, kati ya adui zake. Paulo hakunyamaza kwa ajili ya amani. Alidai haki yake ya raia wa Rumi, akakata rufani kwa Kaisari. Na Festo, akiisha kushauriana na baraza lake, akakubali. Mfalme Agripa akasema baadaye ya kuwa mtu huyu angaliweza kufunguliwa kama asingalikata rufani. Basi rufani ina gharama yake, na Paulo aliilipa kwa safari ndefu, na dhoruba, na kuvunjikiwa jahazi.

Tena kuna neno dogo mwishoni mwa kitabu kile ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Paulo alipofika Rumi alikaa miaka miwili katika nyumba aliyoipanga kwa gharama yake mwenyewe, akihubiri. Mtume mkuu alikuwa mkata rufani, na tena alikuwa mpangaji! Basi asiwepo Mkristo atakayeona haya kwa kuwa hiki au kile.

Desturi za wazee na baraza za Serikali

Sasa tugeukie nchi yetu. Kwa makabila mengi ya Tanganyika, mgeni aliyehitaji shamba alimwendea mwenyeji, akapewa mahali pa kulima, naye akatoa kitu kidogo, kama pombe au sehemu ya mavuno, ili kukiri ya kuwa nchi si yake. Aliruhusiwa mazao ya msimu, lakini kupanda miti ya kudumu lilikuwa jambo la kuulizwa kwanza, maana mti hukaa kuliko mapatano. Kwetu Unyaturu shamba na zizi havitengani. Shamba lisilopata samadi halihesabiwi kuwa shamba la maana. Kwa hiyo swali gumu ni la kale: mtu akilitajirisha shamba la mwenziwe kwa ng'ombe zake na mgongo wake, je, siku ya kutoka anatoka na nini?

Zamani wazee waliamua. Chini ya Waingereza ikaja Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyosema ya kuwa nchi yote ya Tanganyika ni ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Na mwaka 1928 sheria ile ikaongezwa maneno ya kukubali ya kuwa wenyeji wanaokaa kwa desturi zao nao wana haki ya kuitumia. Mwaka 1929 ikatoka sheria ya baraza za wenyeji. Kwa sheria hiyo rufani kutoka baraza za wenyeji hazikwenda kwa majaji, bali zilikwenda kwa Bwana Shauri wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa Gavana. Mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika baraza zile. Maana yake mtu wa Singida aliyeshindwa shauri la shamba alipeleka rufani yake kwa bwana yule yule aliyesimamia kodi ya kichwa. Ngazi ilikuwapo, lakini vidato vyake vyote vilikuwa vya nyumba moja.

Baada ya Uhuru, katika mwaka 1963, mambo mengi yalibadilika pamoja. Utemi uliondolewa katika sheria. Mkoa wetu wa Singida ukawekwa, ukitengwa na lile Jimbo la Kati la zamani. Na ikapitishwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyofanya ngazi moja kwa watu wa rangi zote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, na Mahakama Kuu. Mwaka 1979 ikawekwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Ndipo mkulima aliposhika ngazi inayofika juu kabisa pasipo kupita kwa mtoza kodi.

Wapangaji wa Bukoba

Kabla ya kurudi upande wetu, inafaa tuwakumbuke wapangaji wa Bukoba na Karagwe, maana habari yao ilileta sheria kwa nchi nzima. Huko palikuwa na desturi iliyoitwa nyarubanja, ambayo kwayo wakubwa walimiliki mashamba ya migomba na kahawa, na waliokaa humo waliwalipa kodi na kuwafanyia kazi. Mtu aliweza kuzaliwa, na kuoa, na kuzeeka katika kibanja kile kile, naye akafa angali mpangaji. Mwaka 1965 Serikali ilipitisha sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja, na mwaka 1968 ikapitisha nyingine kama hiyo kwa upangaji wa kidesturi katika sehemu nyingine za nchi. Waliolima wakawa wenyewe.

Twaona hapa kitu kinachofanana na Yubilei ya Musa. Lakini sheria ile haikumaliza mashauri, kwa kuwa sheria hutolewa mara moja, na haki hutafutwa shamba kwa shamba.

Mashauri mawili ya jirani zetu

Jimbo letu liliwekwa mwaka 1972. Haikupita muda, katika miaka ya 1973 hata 1976, watu wengi wa Tanzania wakahamishwa kwenda vijiji vya ujamaa. Wengi waliacha mashamba ya baba zao, wakapewa mashamba ya watu wengine, nao wengine wakapewa yao. Katika jirani zetu wa kaskazini yakatokea mashauri mawili, na kila mwalimu wa Singida afadhali ayajue, maana moja lilishindwa katika rufani, na moja likashinda.

La kwanza ni la Mulbadaw, katika nchi ya Hanang, kule ambako mlima wake twauona kwa mbali. Shirika la Serikali la kilimo na chakula, lililoitwa NAFCO, lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada. Baraza la kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 wakalishitaki kwa kuingia katika ardhi yao. Walipata ushindi katika Mahakama Kuu. Shirika likakata rufani, rufani ya mwaka 1985, na Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Kwa nini? Kwa sababu baraza la kijiji halikuthibitisha ya kuwa lilikuwa limegawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu wa sheria, na wanakijiji nao hawakuthibitisha kama sheria ilivyotaka ya kuwa wao ni wenyeji wenye haki ya desturi. Ng'ombe za watu wale zilikuwa zikilisha katika nchi ile kabla ya ngano. Lakini mahakama husoma kilichowekwa mbele yake, na katika rufani ni vigumu sana kuongeza ushahidi ambao haukuletwa mwanzoni.

La pili ni la baba na mwanawe, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, wa kijiji cha Kambi ya Simba katika wilaya ya Mbulu ya wakati ule. Mwaka 1987 walifungua shauri katika mahakama ya Arusha, wakashinda, wakarudishiwa shamba walilokuwa wakilimiliki kwa desturi. Walioshindwa wakakata rufani Mahakama Kuu. Rufani ile ilipokuwa ingali ikingoja, Bunge likapitisha sheria namba 22 ya mwaka 1992, iliyofuta haki za kidesturi katika ardhi ya vijiji vilivyokwisha kuwekwa, ikakataza fidia, ikayasimamisha mashauri yaliyokuwa mahakamani, na kukataza hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe. Yaani mtu aliyeshinda aliambiwa ya kuwa ushindi wake umefutwa, wala asiende popote kuuliza.

Baba na mwana hawakukubali. Walikwenda Mahakama Kuu kwa jina la Katiba, na mwaka 1993 jaji akasema ya kuwa sheria ile inavunja Katiba. Sasa Serikali yenyewe ndiyo iliyokata rufani. Upande wa Serikali ulijenga hoja ya kuwa mwenye haki ya desturi hana mali katika ardhi, bali ana ruhusa ya kukaa na kulima tu. Mwezi wa Desemba mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikatoa hukumu yake, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwa ndiye aliyeisoma kwa niaba ya wenziwe. Haikukubali kila hoja ya jaji wa kwanza. Lakini juu ya jambo kubwa ilisimama imara: haki ya desturi ni mali, nayo inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, tena mtu aliyetia nguvu zake katika ardhi anastahili fidia ya haki anaponyang'anywa, hata kama hakuna jengo wala mti unaoonekana. Jaji Mkuu alionyesha ya kuwa hoja ya Serikali ikikubaliwa, wakaaji wengi wa Tanzania Bara watakuwa hawana cheo kupita wavamizi katika nchi yao wenyewe.

Fikirini neno hilo, ndugu. Tangu mwaka 1923 swali lilikuwa likining'inia: je, mkulima Mwafrika ni mwenye shamba, au ni mpangaji wa Serikali anayeweza kuambiwa atoke wakati wowote? Swali hilo halikujibiwa kwa vita. Lilijibiwa katika rufani iliyotokana na shamba la baba mmoja na mwanawe wa Kambi ya Simba. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ikaandika ya kuwa hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile inayotolewa na Serikali kwa hati.

Ngazi ya siku hizi

Sasa twaeleza kwa ufupi ngazi ilivyo, ili kila mwalimu aweze kumwelekeza jirani yake. Kwa sheria ya mwaka 2002, baraza la ardhi la kijiji hupatanisha. Juu yake ni Baraza la Kata, ambalo zamani lilitoa hukumu. Lakini tangu mabadiliko ya mwaka 2021 nalo hupatanisha tu, na likishindwa kupatanisha katika siku 30, mtu huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hilo ndilo lenye kuamua, mwenyekiti akikaa pamoja na wazee wa baraza wawili. Asiyeridhika na hukumu ya shauri lililoanzia hapo hukata rufani Mahakama Kuu katika siku 45. Kwa miaka mingi watu wa Singida walisafiri na rufani zao mpaka Dodoma. Juu ya Mahakama Kuu ni Mahakama ya Rufani.

Mtu asidhani ya kuwa rufani ni kulisema shauri upya kwa sauti kubwa zaidi. Mkata rufani huonyesha mahali ambapo baraza lilikosea: ama lilisoma ushahidi vibaya, ama lilikosa sheria, ama liliacha utaratibu. Kwa mfano, mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilipokaa Mbeya ilibatilisha mwenendo mzima wa shauri la baraza moja, kwa sababu maoni ya wazee wa baraza hayakusomwa mbele ya wadai kama sheria inavyotaka. Kosa la namna hiyo halionekani kwa mtu asiyeomba nakala ya hukumu na ya mwenendo. Basi siku ile ile ya hukumu, kabla ya kurudi nyumbani na kulia, nakala iombwe kwa barua, na barua hiyo itunzwe, kwa kuwa siku za kungojea nakala zaweza kuondolewa katika hesabu.

Tena upangaji wa mwaka mmoja au pungufu sheria yaukubali hata kwa maneno. Lakini maneno hufa pamoja na mwenye kuyasema, kama yalivyokufa yale ya jirani wa mama yetu. Kipande cha karatasi chenye majina, mipaka, kodi, muda, na sahihi za mashahidi wawili chatosha kuokoa urafiki wa miaka. Na mpangaji atakayetia samadi, au kuchimba kisima, na apatane tangu mwanzo juu ya siku ya kutoka.

Neno la mwisho kwa makatekista na waalimu

Hatusemi watu wapende mahakama. Bwana wetu alitufundisha kupatana na mshitaki tungali njiani, na mabaraza ya upatanisho ni njia hiyo. Mwenye shamba naye ana haki yake; si kila mpangaji anayelia ameonewa, na wako wapangaji waliokula kodi ya wajane. Twasema hili tu: upatanisho ni wa watu wawili wanaokubaliana, bali kumnyamazisha aliyeshindwa, ili sisi tukae kwa utulivu, si upatanisho. Yule mjane wa Injili ya Luka, sura ya 18, alimwendea kadhi dhalimu tena na tena, na Bwana hakumkemea; alimfanya kuwa mfano wa wenye kusali.

Kwa hiyo twawasihi. Mtu akija kwenu akiwa ameshindwa shauri la shamba au la nyumba, msianze na mahubiri. Mwulizeni kwanza hukumu ilitolewa tarehe gani. Andikeni tarehe hiyo, hesabuni siku zilizobaki, mwelekezeni kwa mtu wa msaada wa sheria, halafu salini pamoja naye. Sisi tulianza na sala tukasahau tarehe.

Mama yule angali anakuja kanisani. Amekodi shamba jingine, dogo kuliko lile, na safari hii mapatano yameandikwa. Mmoja wetu alitia sahihi kama shahidi. Hakutulaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalotuuma. Mungu, mwenye nchi na vyote viijazavyo, atusamehe, na autie mwaka huu wa Yubilei uwe mwaka wa haki kwa wenye mashamba na kwa wapangaji wote wa jimbo letu. Amina.